Mstari wa Saa Nne

Ukitaka kumkasirisha Fundi, mwambie mashine imeharibika. Alikuwa anaweka chini chochote alichoshika, hata kama ni kikombe cha chai, anakutazama kama mtu aliyetukaniwa ndugu yake, kisha anauliza: "Imeharibika nini? Ulimsikiliza? Alikwambia nini?" Kwa hiyo sote pale kiwandani, kuanzia wapakuaji mpaka mlinzi wa geti, tulijifunza kusema, "Fundi, njoo, analalamika." Hapo anakuja mbio.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala baba yake nani. Watu wa Karatu walijua ni mtu wa Kilimanjaro, mtu wa kuja, kama walivyokuja wengi wenye maduka na magari ya watalii, na hiyo iliwatosha. Yeye mwenyewe ukimuuliza kwao ni wapi alionyesha kwa kidole chumba cha mashine. Mimi ni mtoto wa Rhotia, wa mahindi na maharage. Nilimaliza kidato cha nne mwishoni mwa miaka ya tisini, nikapata kazi kwenye shamba moja la kahawa huko juu, upande wa msitu wa Ngorongoro, ambako mwezi wa saba ukungu unashuka mpaka huoni mwenzako uliyesimama naye. Niliandikwa karani wa kiwanda, na Fundi mkuu ndiye aliyekuwa bosi wangu.

Usifikirie kiwanda kikubwa. Kulikuwa na mashine ya kumenya kahawa mbivu, pampu ya maji kule korongoni, na kikaushio, yaani tanuru la kuni lenye feni inayosukuma hewa ya moto chini ya kahawa iliyooshwa. Kikaushio ndicho kilichotulisha, maana kwetu huko juu jua la kuanika kahawa mezani linakuja likitaka. Joto likizidi kahawa inaungua na kunuka moshi, likipungua inaota ukungu. Kati ya hapo kuna njia nyembamba, na aliyeijua ni Fundi.

Alisikiliza kwa bisibisi. Anaweka ncha kwenye mota, mpini sikioni, anafumba macho, na hapo hata meneja akija anaambiwa anyamaze. "Nyamaza, anaongea." Baada ya muda anafumbua macho na kutoa hukumu: beringi ya upande wa ukuta ina siku nne, au mkanda umelegea, au hana kitu, ana baridi tu kama sisi. Nilimwona akikosea mara mbili katika miaka yote ile, na mara zote mbili alikuwa na mafua.

Kanisani alikuwa mzee wa usharika, na kanisani alilala. Alilala mahubiri yote, mikono magotini, uso umetulia, watoto wakamtazama na kucheka. Lakini jenereta ya kanisa ikikohoa kidogo tu huko nje, Fundi anashtuka, anatoka kwa vidole vya miguu, na mchungaji anaendelea kuhubiri akijua mwanga hautakatika. Mke wake alimwambia siku moja mbele yangu kwamba siku ya kiyama atahitaji malaika mwenye injini, maana tarumbeta hataisikia. Fundi akasema itategemea tarumbeta yenyewe imepakwa mafuta au la.

Kazi yangu ilikuwa daftari. Kila nusu saa niandike saa, joto, maji, na safu ya mwisho ambayo sijaiona kwenye kiwanda kingine chochote, safu ya Sauti. Fundi ndiye aliyeichora kwa rula. Humo niliandika alichosema mashine: anakohoa, analalamika, ametulia, ana haraka. Mwanzoni niliona ni utani, nikaandika "anapiga miayo." Akaniita, akaniambia nisimame pale kwenye mota nisikilize mpaka nisikie miayo, nisipoisikia nifute. Nilisimama robo saa. Nikafuta.

"Karani," aliniambia siku ile, "andika kilichotokea. Hata kikikuaibisha. Hata kikiniaibisha mimi. Mali bila daftari huisha bila habari." Na yeye mwenyewe mwandiko wake ulikuwa kama kuku aliyetoka kwenye matope, herufi zimelala huku na huku, lakini aliposaini F yake chini ya ukurasa, hakuna aliyeweza kumwambia hakusema. Mwisho wa mwezi daftari linapelekwa ofisi ya Arusha na gari la shamba.

Simu hakuipenda. Simu za mkononi zilipoanza kushika Karatu, mwanawe alimnunulia moja, akaifunga kwenye kitambaa kama dawa. Ukimpigia anapokea, ananyamaza, anakusikiliza, kisha anakata. Ukimlaumu anasema neno la simu linachukuliwa na upepo, mwenye jambo la maana aandike. Hata mkewe alipolazwa hospitali, habari zake alizipata kwa vikaratasi, na majibu yake yakarudi kwa vikaratasi.

Lakini mashine aliongea nazo kwenye simu hiyohiyo. Kulikuwa na rafiki yake mmoja huko Wasso mwenye mashine ya kusaga nafaka, na kutoka kwetu mpaka Wasso kwa basi ni siku nzima ya vumbi, ukifika hata mama yako hakujui. Mtandao ulipofika kule, yule rafiki alikuwa anapiga, hasemi hata habari za asubuhi, anaweka simu juu ya mashine yake. Fundi huku Karatu anafumba macho, simu sikioni mahali pa bisibisi. Baadaye anamwambia karani, yaani mimi: "Mwandikie ujumbe. Nati ya chini, upande wa kulia kwa anayeingia mlangoni. Aikaze kabla ya kula." Mimi naandika, ujumbe unaenda. Mashine ya Wasso ilisaga hivyo miaka miwili bila Fundi kukanyaga huko. Nakumbuka haya kwa sababu baadaye walikuja watu kutuambia kwamba kuchunguza mashine kwa mbali ni kitu kipya.

Sasa viazi. Hapa ndipo nataka kufika, na nitajaribu kusema polepole.

Akina mama waliochagua kahawa walitoka vijijini alfajiri, wengine ng'ambo ya korongo, na wengi walifika hawajatia kitu tumboni. Siku moja mama mmoja wa makamo alipita karibu na mashine ya kumenya akapata kizunguzungu. Alianguka, pindo la kitenge chake likaingia kwenye mkanda. Fundi alikuwa hatua tatu kutoka hapo, akagonga swichi kwa kiwiko. Kitenge kiliraruka, mama hakuumia. Nilidhani atamgombeza. Alimwinua akamuuliza kitu kimoja.

"Umekula lini, mama?"

"Jana mchana," akasema yule mama, kwa sauti ya mtu anayekiri kosa.

Kesho yake Fundi aliweka sheria. Kila mama aje na kiazi kitamu kimoja, asiye nacho aje tu, mwenye viwili atamgawia. Viazi vinakabidhiwa kwa mchochea tanuru, vinafukiwa kwenye majivu ya moto, na saa nne kamili mlango wa majivu unafunguliwa, vinatolewa, watu wanakula na chai. Baada ya saa nne, asiyekula hagusi mashine ya kumenya. Sheria ndiyo hiyo, na aliisimamia kwa ukali kuliko zote. Nimemwona akimrudisha mama mezani kwa sababu aliweka kiazi chake mfukoni ampelekee mtoto. Alimpa kingine kwa ajili ya mtoto, kisha akasimama pale mpaka kile cha kwanza kikaliwa.

Yule mama wa kitenge akawa msimamizi wa viazi, tukamwita Mama Viazi, na alilifurahia jina. Mzungu mmoja mkaguzi aliyekuja msimu ule alimwuliza Fundi kiwanda kina kifaa gani cha usalama. Fundi akamwonyesha kiazi. Mkalimani aliona haya kutafsiri.

Na Fundi mwenyewe hakula. Hata kimoja, miaka yote. Mama Viazi alimchagulia kikubwa kila siku, chekundu, ngozi imepasuka kidogo, asali inatoka. Fundi anakishika, anakipitisha kwa mtu mwingine. Nilimuuliza kwa nini. Akasema mlango ule anaufungua yeye, na siku atakapokula, watasema anaufungua kwa ajili ya tumbo lake. Nilimwona ni mtu mwenye kiburi cha ajabu. Bado naona hivyo, ila sasa nakipenda kiburi hicho.

Katikati ya miaka ya elfu mbili wenye shamba waliamua kiwanda kitazamwe kutoka Arusha. Akaja mtaalamu na kisanduku cha kijivu, laini ya simu ndani yake, antena juu ya nguzo ikitazama mnara wa Karatu, na nyaya nyembamba zikaingia kwenye kikaushio, kwenye feni, mpaka kwenye pampu. Fundi alimfuata nyuma siku mbili, mikono mgongoni.

"Mzee, hiki ni cha kukusaidia," alisema mtaalamu. "Kila dakika tano kinapeleka joto na mwendo wa mota Arusha. Wanaona kwenye kompyuta kama wako hapa."

"Kinapeleka na sauti?"

"Sauti hapana, mzee. Sauti ya nini?"

"Basi ni kiziwi," Fundi akasema. "Kiziwi mwenye mdomo."

Jioni aliwaeleza watu pale kwenye chai. Mtu anayekaa nyumbani kwako, haulizi kitu, halali, na kila ukifanyacho kinafika kwao, huyo ni nani? Mama Viazi akasema ni mkwe. Kuanzia siku ile kisanduku kikaitwa Mkwe. Ukipita mbele yake unafunga vifungo vya shati.

Huko Arusha walihitaji mtu wa kumtazama Mkwe akisema, mtu anayejua namba za kiwanda. Wakanichukua mimi. Fundi aliniaga kwa kunipa rula yake. Nikakaa ofisini, kwenye kiti kinachozunguka, mbele ya kioo chenye mistari mitatu ya rangi. Mstari mwekundu ulikuwa joto la kikaushio.

Watu hawaniamini nikisema nilimwona Fundi kwenye mstari ule. Lakini nilimwona. Alfajiri unapanda taratibu, si kama mchochea anayerundika kuni ili aende kulala, ni mtu anayeongeza gogo moja na kusubiri. Ukungu ukishuka mstari unatetemeka, kisha unatulizwa. Nilikuwa najua yuko kazini au ameenda msibani. Na kila siku, saa nne kamili, mstari unaanguka nyuzi kadhaa, unakaa dakika kumi, unapanda. Wenzangu ofisini hawakujua ni nini. Mimi mate yalikuwa yananijaa mdomoni.

Meneja wetu wa Arusha alikuwa mtu mwenye adabu, mtu wa kufunga tai hata Jumamosi. Msimu wa kwanza ukielekea mwisho akaja nyuma ya kiti changu na karatasi alizochapa. Amezipanga siku thelathini, moja juu ya nyingine, na shimo liko palepale.

"Dada, hapa saa nne kuna nini?"

Ningeweza kusema sijui. Lakini nilikuwa nimefundishwa na mtu wa kuandika kilichotokea hata kikimuaibisha. Nikamweleza: mlango wa majivu, viazi, kitenge kwenye mkanda, yote. Nilidhani nikieleza vizuri ataelewa. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema anaelewa kabisa, na wiki ile ile ikaandikwa barua ya onyo. Mlango wa majivu ufunguliwe asubuhi na jioni tu, kwa kutoa majivu. Fundi alisaini. Nilisikia aliibandika ukutani juu ya tanuru, mahali ambapo moshi ungeisoma.

Siku chache saa nne haikuwa na shimo. Mstari ulipita hapo ukitetemeka kama kawaida yake, nami nilikaa kwenye kile kiti nikijichukia. Niliwaona akina mama mezani na matumbo yao matupu, na mimi ndiye niliyesema.

Halafu kikaanza kitu kingine. Mstari unatetemeka siku nzima, kama kawaida ya moto wa kuni. Ikifika saa nne kasoro robo unatulia. Saa nne mpaka na dakika kumi umenyooka, umepigwa rula. Kisha unarudi kutetemeka. Kesho yake hivyohivyo. Nilicheka peke yangu mpaka mhasibu akanigeukia. Fundi alikuwa anauandaa moto mapema kwa kuni kavu, joto la ziada analitoa kwa kilango cha hewa, na mlango wa viazi unapofunguliwa anakifunga kile kilango kidogokidogo, mkono juu ya chuma, jicho kwenye mshale wa kipimajoto. Mkwe anaona nyuzi zilezile. Viazi vinaliwa. Hakuna mtu mwingine wilaya nzima angeweza kufanya vile, na alifanya kila siku.

Nikanyamaza. Niliona ndiyo njia ya kumlipa. Niliposema, alipata barua, sasa nitamfichia. Msimu wote wa pili nilimfichia.

Daftari, wakati huo, ziliendelea kuja. Gari la shamba lilizileta kila mwisho wa mwezi, zimefungwa kwa kamba ya katani, juu zimeandikwa kwa ule mwandiko wa kuku: KARANI. Meneja alisema za nini tena, namba zote ziko kwenye kompyuta, ziweke tu kabatini. Nikaziweka. Nilikuwa na mstari, nilikuwa nikimwona Fundi kila dakika tano. Niliona kufungua daftari ni sawa na kumwandikia barua mtu uliyekaa naye sebuleni.

Mwisho wa msimu Meneja akaita kikao. Alikuwa na furaha. Akaonyesha msimu wa kwanza wenye mashimo, akaonyesha wa pili. "Mnaona? Mtambo wenyewe umekinyoosha kiwanda." Na kama mtambo unajiendesha, akauliza, tuna haja gani na fundi mkuu mwenye umri ule? Vijana wawili wa kuchochea wanatosha, Arusha itawaongoza kwa simu. Kisha akanigeukia. "Wewe uliyefanya naye kazi, unaonaje? Kuna sababu ya kumbakiza?"

Sababu ilikuwa mbele yetu sote ukutani, mstari ulionyooka saa nne. Nikisema ni mkono wake, nimesema pia kwamba amevunja amri ya barua kila siku ya msimu. Watamfukuza kwa aibu badala ya kumpumzisha kwa heshima. Hivyo ndivyo nilivyopiga hesabu, kwa haraka, watu wananitazama.

"Uamuzi ni wenu," nikasema.

Fundi hakuwa na tamaa ya vitu vingi. Alitaka aachwe pale mpaka mikono ikatae. Walimpa mabati, cheti na soda, akaenda Rhotia alikokuwa amenunua kiwanja. Msimu uliofuata mstari ulienda kama njia ya mbuzi, kahawa ikarudishwa kwa kunuka moshi, na Mama Viazi alinitumia salamu kwamba mlango wa saa nne umefungwa, watu wanakula wakikumbuka. Hakuna aliyesema arudishwe. Ofisi haipendi kurudi nyuma.

Ilipita miaka mitatu nisimtembelee, na kila mwaka niliokosa uliufanya mwingine kuwa mgumu zaidi. Nilikwenda hatimaye nilipokuwa nyumbani Rhotia kwa kipaimara cha mtoto wa kaka yangu. Nilimkuta nje ya nyumba yake, amezungukwa na mabomba ya kunyunyizia dawa ya majirani, ncha ya bisibisi kwenye bomba, mpini sikioni.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, karani." Hakufumbua macho. "Nilijua gari haikuwa ya hapa. Shokapu ya nyuma imekufa."

Tukaongea habari za watu, za mahindi, za mke wake aliyekwenda kuteka maji. Akauliza mstari unaendeleaje, nikamwambia unavyoenda, akatikisa kichwa bila furaha. Kisha akauliza, akiwa anakaza nati, kama jambo dogo: "Daftari zangu za msimu ule wa mwisho. Zilikufikia?"

"Zilifika zote."

"Ulisoma?"

Nilikuwa mwanamke mzima, mwenye watoto, na mbele ya mtu yule nikawa tena yule msichana aliyeandika miayo bila kuisikia. "Nilisoma, Fundi."

Mkono wake ulisimama kwenye nati.

"Basi kama ulisoma," akasema, "ulikuwa na sababu yako."

Hakuuliza zaidi. Alinisindikiza mpaka barabarani, kama inavyompasa mwenye nyumba, lakini akaniaga kwa mkono kama mtu wa ofisi. Njia nzima ya kurudi Arusha niliyarudia maneno yale. Sababu ya nini?

Jumatatu nilifungua kabati. Vumbi, kamba ya katani, KARANI, KARANI, KARANI. Nikakaa sakafuni na sketi yangu ya kazini. Kila siku ya msimu ule, saa nne, mstari mmoja kwa mkono wake mwenyewe: *Mlango umefunguliwa. Viazi. Joto nimeshika kwa mkono. Nimevunja barua. F.* Kila siku. Mimi nilijiona namtunzia siri, naye hakuwa na siri. Alikuwa akiandika kilichotokea na kuniletea mimi, kwa jina la kazi yangu. Kwenye safu ya Sauti alikuwa ameandika "ametulia, akina mama wanacheka." Na kwenye daftari la mwisho, ukurasa wa mwisho, herufi zimelala kuliko siku zote:

*Karani. Nasikia wanataka kunipumzisha sababu mstari umenyooka. Mwambie Meneja ule ni mkono wangu. Anipe adhabu lakini aniache kazini, nikitoka utaanguka. Simu sijui kusema. Wewe unajua kuandika. F.*

Daftari lile lilikuwa limefika siku tisa kabla ya kikao. Nililiweka kabatini mimi mwenyewe.

Nililia, na sioni haya kusema. Kisha nikaelewa nilichofanya siku ile kwake: nimemwambia uso kwa uso kwamba niliyasoma maneno haya, na kwamba kikaoni nilinyamaza makusudi.

Jumamosi nilipanda basi la kwanza. Nilifika Rhotia asubuhi, daftari ziko kwenye mfuko wa rambo. Fundi alikuwa jikoni kwa mkewe, kwenye kigoda, anaota moto kwa sababu ya ukungu. Nilimwamkia, nikakaa chini bila kukaribishwa.

"Fundi, nilikudanganya. Sikusoma. Hata ukurasa mmoja. Nimesoma Jumatatu hii."

Alinitazama.

"Nilikuwa naona mstari," nikasema. "Niliona umenyooka nikajua ni wewe. Nikanyamaza wasikufukuze. Waliponiuliza kikaoni nikanyamaza tena. Daftari sikufungua kwa sababu nilidhani nakuona."

Mkewe akageuka kutoka kwenye chungu kututazama sote wawili. Fundi akapumua, na mabega yakashuka.

"Afadhali," akasema. "Afadhali hukusoma. Miaka yote hii nimekaa hapa najiuliza nilikukosea nini."

Nikamfungulia mfuko. Akanyoosha mkono, akachukua daftari la juu, akapapasa ukurasa kama anatafuta joto lake.

"Lakini karani asiyesoma daftari," akaongeza, "huyo naye ni Mkwe tu."

"Ndiyo, Fundi."

"Kiziwi mwenye mdomo."

"Ndiyo."

Mkewe akasema amwache mtoto wa watu, amesafiri na njaa. Akafukua majivu kwa kijiti, akatoa viazi vitatu, akavipangusa kwa kanga na kuviweka kwenye sinia. Fundi akatazama saa yake ya mkono, ile isiyo na kioo. Nami nikatazama yangu. Saa nne haikuwa imefika, zilibaki dakika chache, na tukasubiri wote watatu bila kuambiana.

Ilipofika alichukua kimoja. Nilidhani atanipitishia, kama alivyowapitishia watu miaka yote. Akakivunja katikati, mvuke ukatoka, nusu akanipa mimi, nusu akaitia mdomoni. Alitafuna polepole, amefumba macho.

"Kumbe ndivyo vilivyokuwa," akasema, akanyoosha mkono kuchukua cha pili.